Maneno ya Mtu Aliyemuua Cheptanui

Cheptanui aliuawa Jumanne moja ya mwaka wa 1956, saa nne asubuhi, mtoni, chini ya shamba la ngano la Mzungu mmoja huko Mau Narok. Aliyemuua alikuwa mchunga ng'ombe wa shamba hilohilo, kijana aliyeitwa Kimaiyo, na alitumia panga. Habari zilifika Nakuru siku ya tatu, zikiletwa na dereva wa lori la viazi. Micah arap Kosgei, ndugu yake Cheptanui, alipopata nafasi ya kupanda lori lile na kufika Mau Narok, alikuta kaburi limeshafukiwa na udongo umeanza kukauka.

Huyo Micah alikuwa mkalimani wa gereza. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na minane, nadhifu, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na alijua Kiingereza cha misheni, Kiswahili cha ofisini na Kikipsigis cha mama yake. Mama mwenyewe Micah hakumkumbuka. Alikufa Micah akiwa bado ananyonya, na aliyembeba mgongoni alikuwa Cheptanui, mtoto wa miaka kumi. Baadaye, baba yao aliposema hawezi kumwachilia mvulana aende kukaa darasani huku ng'ombe hawana mtu, Cheptanui alishika fimbo akawachunga yeye, watu wakamcheka, na Micah akaenda shule. Kila neno la Kiingereza alilolijua Micah, dada yake alikuwa amelilipia kwa miguu yake.

Aliporudi Nakuru hakulia. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, lakini walipofika kwenye Sala ya Bwana, pale penye kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akangoja wenzake wapite sehemu hiyo, kisha akaendelea nao. Aliliruka neno hilo kila Jumapili. Kitu kimoja tu ndicho kilichompa usingizi, nacho ni kumwona Kimaiyo amening'inia.

Wiki tano baadaye aliitwa ofisini. Daktari Hallam, Mzungu aliyekuwa akiwapima akili washtakiwa kabla ya kesi, alihitaji mtu wa kumtafsiria. Mkalimani mwingine aliyejua Kikipsigis alikuwa likizoni Kericho. Karani akasoma jina kwenye faili, "Mahabusu Kimaiyo, wa Mau Narok," akainua macho kuona kama Micah yuko tayari.

Hakuna aliyejua. Katika faili marehemu aliandikwa kwa jina la mumewe, na jina hilo halikufanana hata kidogo na la Micah. Kimaiyo naye hakuwahi kumwona, maana alikuja kuajiriwa shambani Micah akiwa ameshahamia mjini. Ilitosha kusema neno moja, "Huyu alimuua dada yangu," na kazi ingepewa mtu mwingine.

"Niko tayari," Micah akasema.

Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilikuwa na nondo. Kabla mshtakiwa hajaletwa, Daktari Hallam alimweleza Micah shabaha yake, taratibu, kama mwalimu.

"Kama alimuua au hakumuua, hilo si langu. Linajulikana. Mimi nataka kujua kama siku ile alielewa anachofanya, na kama alielewa ni kosa. Ikiwa alielewa, atanyongwa. Ikiwa hakuelewa, atapelekwa hospitali. Kwa hiyo nipe maneno yake yalivyo. Hata akisema upuuzi, nipe upuuzi huohuo, usiupambe."

"Nimeelewa, Bwana Daktari."

Alielewa kuliko alivyodhaniwa. Aliona kwamba kamba ya Kimaiyo ingepita kwanza kinywani mwake.

Askari wakamwingiza. Micah alikuwa amejitayarisha kuona jitu, akaona kijana mwembamba, midomo imepasuka, shingo ameilaza upande mmoja kama mtu anayesikiliza kitu ukutani. Alichukia hata wembamba wake. Alijiuliza mikono ile ilipata wapi nguvu.

"Muulize kwa nini alimpiga yule mwanamke."

Micah akauliza. Kimaiyo akajibu kwa sauti ya upole.

"Maji yaliniita. Yalisema yule mama ameliwa tangu mvua ya kwanza, na anayetembea ni fisi aliyevaa ngozi yake. Nikataka kuipasua ile ngozi ili mama atoke."

Micah akamgeukia daktari.

"Anasema waligombana. Ng'ombe wake walichafua maji pale yule mama anapoteka, naye akamtukana mbele za watu."

Daktari akaandika. "Muulize kama alijua kwamba kuua ni kosa."

"Kuua nani?" Kimaiyo akauliza. "Fisi?"

"Anasema alijua," Micah akasema. "Anasema alikuwa tayari kwa lolote."

"Na mbona analaza kichwa hivyo?"

Hilo Micah hakulipeleka kwa Kimaiyo. Alilijibu mwenyewe. "Ni ujanja, Bwana Daktari. Wenzake wa seli humfundisha mtu hivyo, aonekane mwenda wazimu."

Jioni ile alirudi nyumbani kwa baiskeli akiimba. Uongo haukuwa umemwachia ladha mbaya mdomoni. Ulikuwa mtamu, na alitamani kesho ifike upesi.

Siku ya pili Daktari Hallam aliuliza juu ya utoto wa Kimaiyo, ndugu zake, usingizi wake. Kimaiyo alisema kwamba jamaa zake walimfunga kwa kamba miezi miwili, na kwamba alikuwa akila udongo kwa sababu chakula kilikuwa kinamtazama. Micah alisema mtu huyu hakuwahi kuugua na anapenda ugali. Kisha daktari akataka kujua kama anajuta.

Kimaiyo aliposikia swali lile aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Yule mama alikuwa akiniletea maziwa niliposhikwa na ugonjwa," akasema. "Watu walikimbia. Yeye aliweka kibuyu mlangoni, akakaa hapohapo mpaka ninywe. Nilipasua ngozi nikamngoja. Niliketi, miguu majini, nikamngoja. Kwa nini hakutoka?" Machozi yakamtiririka, na kwa kuwa mikono ilikuwa na pingu, hakuweza kuyafuta.

Micah hakujua habari ya kibuyu. Aliisikia pale, kutoka kwa mtu yule. Na jambo la ajabu ni kwamba haikumlainisha. Ilimwongezea moto. Kumbe alikuwa amekula mkononi mwa Cheptanui, kisha akamkata.

"Anasema hajuti," akamwambia daktari.

Daktari akaiweka kalamu chini. "Mbona analia, kama hajuti?"

"Anaililia shingo yake mwenyewe."

Daktari Hallam alimtazama mshtakiwa kwa muda, akamtazama Micah, kisha akaichukua kalamu tena. Ripoti iliyopelekwa mahakamani ilisema mshtakiwa ana akili timamu.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa Septemba. Micah aliomba ruhusa, akaketi benchi la nyuma kabisa, suti yake ya kanisani mwilini. Jaji alikuwa na wazee watatu wa baraza kando yake, na mkalimani wa mahakama alikuwa mzee Naftaly, mwinjilisti wa zamani, aliyetafsiri kama asomaye Biblia, bila kuongeza wala kupunguza.

Shahidi wa tatu alikuwa Jerop, binti wa Cheptanui, wa miaka kumi na sita. Alikuwa mtoni siku ile. Micah alipomwona akipanda kizimbani na kitambaa cha mama yake kichwani, alisema moyoni: sasa imekwisha, huyu atamaliza.

Jerop alieleza panga, alieleza damu, hakuyumba. Jaji akauliza mshtakiwa alifanya nini baadaye.

"Aliketi mtoni, miguu majini," Jerop akasema. "Akaniambia nisiogope, mama anatoka sasa hivi."

Mzee Naftaly akatafsiri.

"Walikuwa wamegombana, yeye na mama yako? Juu ya ng'ombe na maji?" jaji akauliza.

"Hapana. Mama alikuwa akimpelekea maziwa. Alikuwa mgonjwa. Jamaa zake walimfunga kwa kamba, na alikuwa akila udongo. Kila mtu shambani anajua."

Jaji aliifunua ripoti, akaisoma kurasa mbili, akamwita Daktari Hallam mbele. Walinong'onezana. Micah aliona shingo ya daktari ikigeuka nyekundu, na kabla ya saa sita kesi ikaahirishwa. Mshtakiwa angepimwa upya, na mzee Naftaly ndiye angetafsiri.

Micah alimkuta Jerop nje, karibu na bomba la maji, akinawa uso. Hakumsalimu.

"Kwa nini umesema vile?"

"Nimesema nilichoona, mjomba."

"Ungenyamaza tu. Hakuna aliyekulazimisha kutaja udongo na kamba. Unajua umefanya nini? Hatanyongwa. Atapelekwa hospitali, alale kitandani, apewe uji, na mama yako amelala chini."

Jerop alifunga bomba. Macho yake yalikuwa makavu, na kwa mara ya kwanza Micah aliona kwamba binti huyu alikuwa na hasira kuliko yeye.

"Hawakuniuliza kama nataka anyongwe," akasema. "Wangeniuliza hilo, ningesema ndiyo. Ningeivuta kamba mwenyewe. Waliniuliza alifanya nini, na mama alikuwa nani kwake. Kama ningesema mama aligombana na mgonjwa juu ya maji, ningekuwa nimemzika mtu mwingine, si mama."

Micah akamwacha pale bombani, akaondoka.

Asubuhi yake Daktari Hallam, aliyekuwa amemwona pale bombani na binti wa marehemu, alimwita. Hakumwambia aketi.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Dada yangu. Alinilea."

"Na hukuona vema kunijulisha?"

"Hukuuliza, Bwana Daktari. Uliandika maneno ya mtu kwa siku mbili, ukatia sahihi yako, na hukumuuliza mkalimani ametoka wapi."

Daktari alivumilia neno hilo. "Ni kweli," akasema baadaye. "Hilo ni kosa langu, nami nitaliandika. Lakini nilikuomba mdomo wako, nawe ukanipa moyo wako. Huwezi kufanya kazi hii tena."

Micah alivua beji yake, akaiweka mezani. Wangeweza kumshtaki. Hawakufanya hivyo, pengine kwa sababu kesi hiyo ingeianika ripoti nzima. Alipata kazi ya kupima magunia ya ngano kwenye ghala karibu na reli, kazi isiyohitaji maneno.

Kimaiyo alipimwa upya. Mahakama ikasema alitenda kosa hali hana akili zake, na ikaamuru azuiwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili Nairobi, bila kikomo cha muda.

Siku waliyomsafirisha, Micah alijua, kwa sababu askari walikuwa rafiki zake. Alitoka ghalani saa tatu asubuhi na kisu cha kukatia nyuzi za magunia ndani ya koti. Stesheni ya Nakuru ilikuwa na watu wengi, na treni ya kutoka Kisumu ilikuwa imechelewa. Kimaiyo alikuwa ameketishwa kwenye benchi, pingu mkononi, askari wawili kando yake. Askari mmoja akamwinulia Micah mkono. Hawakumzuia kukaribia, walimzoea.

Alisimama mbele ya Kimaiyo, karibu kiasi cha kunusa sabuni ya jela. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

Kimaiyo alimtambua. "Wewe ndiye uliyekuwa ukichukua maneno yangu," akasema. "Uliwaambia yote?"

"Sikuwaambia hata moja," Micah akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa maneno yake mwenyewe. "Yule mwanamke alikuwa dada yangu. Nilitaka ufe. Bado nataka."

Kimaiyo alilitafakari hilo, shingo upande, bila woga. "Yeye hasemi hivyo," akasema.

"Nani?"

"Dada yako. Hunisemesha kila siku, tangu nifungwe."

Micah alihisi kipini cha kisu kikiteleza kwa jasho. Miezi yote hiyo, tangu kaburi lile, alikuwa akimwita Cheptanui usingizini na hakupata hata kikohozi. Na huyu, huyu, alikuwa akisemeshwa kila siku. Alijua ni maradhi. Alikuwa amekaa na daktari, alijua majina ya maradhi kama hayo. Hata hivyo swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama ng'ombe wameingia," Kimaiyo akasema.

Treni ikaingia, askari wakamwinua, na watu wakasukumana kuelekea mabehewa. Micah hakuutoa mkono ndani ya koti. Alitazama kichwa kile kilicholala upande kikipanda ngazi ya behewa la daraja la tatu, kikapotea nyuma ya bega la askari. Alimchukia vilevile kama siku ya kwanza, chuki yake haikupungua hata chembe. Ila alijichukia mwenyewe pia kidogo, kwa kuwa aliuliza, na kwa kuwa alitaka kuuliza zaidi.

Treni ilipoondoka alirudi ghalani. Msimamizi alimkaripia kwa kuchelewa, magunia ya Mau Narok yalikuwa yameshashushwa na yanangoja mizani.