Gari langu la viti vya ngozi na harusi ya Malolo

Leo binti yangu wa mwisho kaolewa kijijini Malolo, mimi baba yake sikuwepo.

Nilitoka Lionja na gari langu la kifahari. Limezeeka, lakini nalitengeneza mwenyewe. Nani mwingine huku ana viti vya ngozi?

Njiani likafuka moshi, likazima.

Fundi akaja, akanusa tangi. "Mzee, umetia petroli iliyochanganywa oili, ile ya pampu ya kupulizia dawa mikorosho?"

Ndiyo! Oili inalainisha injini. Atanifundisha nini huyu?

Bodaboda akasimama. "Babu, panda nikuwahishe."

Mimi, na kanzu hii, nipande pikipiki?

Kule harusini shehe wa kufungisha ndoa akachoka kusubiri. Nikampigia mdogo wangu: "Muozeshe wewe."

Semeni mnayotaka hapa chini. Ila picha za harusi msinitumie.