Mjusi Aliyemsalimia Mama

Leo nimemwagia maji mawe ya uani yaliyopigwa na jua, na harufu yake ikanirudisha kijijini kwetu Buger, kwenye mwamba tulikokuwa tukianika maharage. Nilikuwa bado mtoto, na Mama alikuwa hajasema neno tangu tumzike mdogo wangu mchanga. Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu akapanda mwambani, akainua kifua, akaanza kutikisa kichwa juu na chini.

"Mama, anakusalimia," nikamwambia.

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha naye akainamisha kichwa, akamwitikia kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa sauti iliyokauka. Mjusi akatimka. Mama akacheka kidogo, akanivuta kifuani.

"Twende tukapike," akasema. "Baba yako atarudi na njaa."