Migomba Iliyoipisha Treni

Kila Ijumaa mama yangu hupika, huchanja kuni na huchota maji ya kesho kabla jua halijazama, kwa maana likizama Sabato imeingia, na kwetu Gesima siku hiyo hatupiki wala hatusafiri. Kwa miaka kumi na mmoja sheria hiyo imenifaa sana. Mimi hutoka ofisini Nairobi saa kumi jioni, na basi la kwetu hutembea saa sita au saba. Hivyo kila aliponiuliza mama nitakuja lini, nilimjibu kwa unyenyekevu kwamba siwezi kuvunja Sabato njiani. Nani atamgombeza mwana anayemcha Mungu?

Krismasi iliyopita nilimwonyesha kwenye simu zile treni mpya za Uchina, zinazokwenda kasi mpaka miti ya kando haionekani vizuri.

"Hii ikiletwa huku, mama, utaniona kila Ijumaa kabla ya jua kuzama."

Nilisema ili nipate kula kwa amani. Yeye aliitazama video mara tatu, kisha akauliza kama treni hiyo husimama.

"Husimama," nikasema.

Mwezi wa tatu walikuja vijana wanne na mitambo ya kupimia ardhi. Wakapima upande wa chini wa shamba, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu, wakaenda zao. Hawakueleza kitu, na mama hakuuliza, kwa kuwa alishajua. Kesho yake alichukua panga akafyeka migomba yote iliyokuwa kati ya vigingi, migomba aliyoipanda marehemu baba. Halafu akanipigia simu.

"Nimewasafishia watu wa treni njia," akasema. "Wasije wakasema ni sisi tuliowachelewesha."

Nilimpigia naibu wa chifu. Akaniambia ni bomba la maji, tena lingepita pembeni bila kugusa mgomba hata mmoja. Niliona haya. Nimewahi kusema uongo mkubwa kuliko ule, lakini haukufyekewa shamba la mtu.

Nikaomba ruhusa ya Ijumaa. Mkubwa wangu alikubali bila kuinua macho, akaendelea kunywa chai. Nilipanda basi la alfajiri, na saa saba mchana nilikuwa jikoni kwa mama. Alikuwa akimenya ndizi za mikungu ya mwisho. Nikamweleza habari za bomba, naye akasikiliza bila kuacha kumenya. Alipomaliza alichungulia nje. Jua lilikuwa bado juu sana.

"Umekuja na nini?"

"Na basi, mama."

"Hili hili la siku zote?"

"Hili hili."

Akatia ndizi sufuriani, akafunika.

"Sasa migomba yangu ilikosa nini?" akauliza.