Kibuyu cha Babu na Mafua ya Timu Nzima

Juzi nilikwenda hospitali na kikohozi kilichogoma kuondoka baada ya mafua. Daktari, binti mdogo tu, akaiinua picha ya kifua changu dirishani akasema, "Shukuru Mungu mama, mapafu hayana kovu." Nikaangua kicheko. Akanitazama kama nimerukwa na akili, na mimi kimawazo nilishafika Kyela, kwa babu.

Kama hujawahi kuona mapenenga, ngoma yetu ya vibuyu, rafiki yangu, umepitwa. Wanaume wazima wanapanga mstari, soksi hadi magotini, kila mmoja anaimba ndani ya kibuyu kilichozibwa tundu kwa utando wa buibui, mpaka kinavuma kifuani mwako. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, mitumba ilikuwa imefurika sokoni, basi timu yetu ikajinunulia makoti ya baridi. Kwa joto la Kyela! La babu, kiongozi wao, lilikuwa na manyoya shingoni. Jasho linamtiririka, lakini alivue? Thubutu!

Kabla ya kila shindano babu alionja vibuyu vyote. Anachukua kimoja kwa mwenyewe, anakiimbia, anatengeneza utando, anarudisha, anahamia kingine. Msimu mmoja wa mvua timu nzima ilikuwa inapiga chafya, naye akaonja vilevile. Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, harufu ya ndizi na samaki mbasa ikimfuata: "Gwe mzee, unalamba makamasi ya kijiji kizima!" Babu akajibu kwamba mafua hukaa puani, hayakai kwenye kibuyu.

Shindano lenyewe lilikuwa aibu tupu. Vibuyu vilipiga chafya, na wapinzani wetu wa ng'ambo ya mto walicheka mpaka wakakaa chini. Wenzake walipona. Babu, aliyekunywa mafua ya wote, yalimshuka kifuani akalazwa. Aliporudi, bibi akamfukiza kwa mchaichai chini ya blanketi, lakini kikohozi kikavu hakikutoka, na kupanda kibaraza tu alihema. Daktari wa wakati ule alimwambia huenda mafua yale yameacha makovu kwenye mapafu, na penye kovu pamekakamaa, hewa haipiti vizuri.

"Kovu?" babu akafoka. "Mbona sikuanguka popote?"

Tulicheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Pumzi ya kibuyu hakuwa nayo tena, na mtu yule bila mapenenga angekuwa nani? Niliogopa siku ile timu ilipokuja nyumbani, nikajua wamekuja kumvua uongozi. Jirani yetu, mmoja wao, akakohoa kidogo, akasema, "Mzee, wewe tembea mbele. Kelele tutapiga sisi."

Msimu uliofuata babu alitangulia, koti la manyoya, kibuyu mdomoni, mashavu yamevimba, na sauti hakuna. Uwanja mzima ulijua. Ngoma ilipokwisha, kiongozi wa ng'ambo ya mto akamshika mikono yote miwili: "Ndaga, asante mzee. Leo kibuyu chako kimelia kweli kweli."

Babu hayupo, bibi hayupo, na uwanja ule siku hizi wanaanika kakao. Nilipotoka hospitali nikakishusha kibuyu chake ukutani nyumbani kwangu, nikakiimbia kwa mapafu yangu mazima haya. Kimya. Utando ulishaoza zamani. Basi nikakiacha palepale mdomoni, nikavimbisha mashavu, nikatembea mbele kuzunguka sebule.