Redio ya Verlene

Verlene Stroud hakuwa mtu wa kuomba, iwe radhi iwe chumvi. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake kwenye kilima cha misonobari, California, akiwa na jirani mmoja tu, Royce Haskett, mfuga mbuzi. Kiangazi kimoja moto ulipanda korongo. Royce aliusikia mapema kwenye redio yake inayonasa mazungumzo ya zimamoto. Akapakia mbuzi, akapita mbele ya nyumba ya Verlene, asisimame. Verlene aliponea chupuchupu. Tangu siku hiyo salamu zikafa.

"Kaokoa mbuzi, mimi akaniacha," alimwambia aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Mwaka uliofuata, kabla joto halijaanza, akaenda mjini kununua redio yake. Muuzaji akamsukumia ile kubwa ya dijitali.

"Mama, hii inanasa kila kitu."

"Sitaki kila kitu. Nataka zimamoto wa kwetu. Wao wanatumia nini?"

Muuzaji akajikuna shingo. "Hii inanasa yoyote."

"Hujui. Sema hujui, tusipotezeane muda."

Akaenda mwenyewe kituo cha zimamoto. Mkuu wa kituo, Noreen Tibbs, akamwambia wao bado wanaongea kwenye masafa ya zamani. Polisi ndio waliohamia dijitali, tena wamefunga mazungumzo yao yasinaswe na mtu wa nje. Hata redio ya bei mbaya haiwasikii.

"Chukua ndogo ya mkononi, ya betri. Moto ukija, umeme ndio wa kwanza kukatwa. Na usingoje redio ikutoe nyumbani. Ukiona moshi, ondoka."

Royce aliiona redio hiyo kupitia uzio.

"Umenunua kichezeo, bibi?"

"Kinanitosha. Angalau hakina roho mbaya."

"Gari unalo, macho unayo. Mimi si yaya wako."

"Wala si mtu."

Mwezi wa Agosti, mchana wa upepo mkali, redio ikakoroma: moto chini ya korongo, unapanda. Verlene akawasha gari. Alipofika langoni kwa Royce akajikuta amekanyaga breki, akapiga honi mpaka mbuzi wakatawanyika.

Royce alikuwa anapakia tayari. "Nimeshasikia. Unanitishia mbuzi."

"Ulikuwa unakuja kuniambia?"

Royce akainama kumsukuma beberu.

"Nakuuliza wewe."

"Si umenunua redio?"

Moshi ulikuwa umeanza kuvuka barabara. Akashuka, akamkamata mbuzi mmoja pembe, akamtupia garini kwa Royce, kisha wa pili, na wa tatu. Mbuzi hawakumkosea. Halafu akaondoka zake, asigeuke nyuma.

Jioni upepo uligeuka. Nyumba zote mbili zilisalimika, ila banda la Royce liliteketea. Watu wa mjini wakasema sasa hao watapatana. Hawakupatana. Royce alipoanza kupigilia mbao za banda jipya, Verlene alisikiliza nyundo kwa muda, akainuka, akafunga dirisha.