Pazia la Saba la Bibi Hung

Saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya miungu ya nyumbani kuagwa kwenda mbinguni, kama kila mwisho wa mwaka. Tsai Pi-yun amesimama juu ya kigoda, ghorofa ya tano mjini Tainan, vidole vyake vitatu vimevikwa soksi kuukuu ya bintiye. Anafuta pazia la dirisha, kibao kimoja kimoja, kutoka juu.

“Ukianzia chini utafuta mara mbili,” anasema. “Vumbi halipandi, linashuka.”

Mapazia ya nyumba hii ni saba, yote ya mbao, kazi ya mikono ya marehemu mume wa Bibi Hung, mwenye nyumba. Bibi mwenyewe ana miaka themanini na moja. Mafundi wawili waliotangulia walimshauri bibi ayatupe, anunue ya plastiki. Aliwafungulia mlango, wakatoka.

Pi-yun naye ana kovu lake. Mwaka wake wa kwanza alilowesha mapazia ya mbao kwenye beseni la kuogea.

“Yalijikunja kama dagaa kaangoni! Mteja akalia, nami nikalia. Tangu siku hiyo mbao siipi maji. Kitambaa kikavu, halafu tone la mafuta.”

Ana miaka thelathini na mitatu, na anamlea Yu-an, binti wa miaka sita, peke yake. Usiku hufunga vyakula kiwandani. Mchana husafisha mapazia kwa dola mia tatu za Taiwan kila dirisha. Mtoto hulala kwa jirani.

Lakini jengo hili lina nyumba arobaini na nane, na kamati ya wakazi inatafuta fundi mmoja wa mwaka mzima. Nyumba ya Bibi Hung ndiyo mtihani. Akifaulu, kiwanda basi.

Kufikia alasiri mapazia sita yanang’aa. Limebaki la saba, kando ya madhabahu. Kamba yake imefungwa kwenye ndoano nyuma ya meza, na juu ya meza kuna chetezo cha kufukizia udi. Kulifungua lazima meza isogezwe. Na hapa kila mtoto anajua: chetezo hakitikiswi mpaka miungu wawe wameondoka.

Pi-yun anashuka kigodani, anakunja vitambaa vyake.

“Unakwenda wapi?” anauliza Mwenyekiti Chiang, aliyekuja kukagua. “Kamati inakaa leo saa kumi na mbili.”

“Hili nitalimaliza kesho, Mwenyekiti, wakishaagwa.”

“Sogeza vidole viwili tu, dada. Bibi yuko jikoni, haoni. Au miungu wako wanahesabu vidole?”

“Kama hawahesabu, Mwenyekiti, sogeza wewe.”

Mwenyekiti alitazama chetezo, akatazama viatu vyake, akaondoka.

Usiku ule Pi-yun alifunga vyakula akijua kazi imemponyoka. “Nilijiambia, basi tena, mwanangu ataendelea kulala kwa watu.”

Asichojua ni kwamba Bibi Hung, ambaye hakuwa amehudhuria kikao kwa miaka tisa, alishuka na mkongojo wake jioni ile.

“Nina miaka themanini na moja, masikio yangu bado ya msichana,” aliwaambia wanakamati. “Mnatafuta wa kumwachia funguo mkiwa kazini. Huyu kakataa kugusa chetezo changu nikiwa nimempa mgongo. Mnataka nini tena?”

Asubuhi, majivu ya karatasi zilizochomwa kuwaaga miungu yakiwa bado na joto, Pi-yun aligonga mlango.

“Ingia, mwanangu,” Bibi Hung alisema, akimtia mkononi peremende za sadaka. “Wameondoka. Sogeza meza, halafu Chiang ana neno nawe.”

Kazi ataanza baada ya mwaka mpya, ghorofa ya kwanza kwenda juu. Kiwandani amekwisha kuaga. Anapanga kununua ngazi imara, na Yu-an ameahidi kumpa soksi zote zinazombana.

Na usiku wa kwanza wa kukaa nyumbani?

Pi-yun anavuta kamba. Vibao vya pazia la saba vinageuka pamoja, mwanga unaingia.

“Sitafanya lolote,” anasema. “Nitalala karibu naye, nisikie anavyokoroma.”