Mstari Niliomwandikia Baba

Sikumaliza hata shule ya msingi, lakini leo waliosoma wananingoja nimalize chai ndipo waniulize kama skripti iko tayari. Ukiwasha runinga jioni ukacheka, huenda unacheka maneno ya kichwa hiki, kilicholelewa na mama muuza mitumba huko Dandora, mtaa wa wasio nacho. Baba aliishi Buruburu, kwa wenye nafasi zao, na alikuwa mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimtambua kwa sauti tu. Kila mtu alikuwa naye isipokuwa sisi.

Nikiwa mdogo alikuja kuchekesha kwenye ukumbi wa mtaa wetu. Mama alinivalisha shati safi, akanisukuma mbele. Nikasema, "Baba, ni mimi." Akawageukia watu: "Hii Dandora yenu jamani, kila nikija naongezewa mtoto!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama naye alicheka, huku akinivuta mkono tutoke. Kicheko hicho cha mama ndicho ambacho sijamsamehe baba.

Kazi hii niliianza kwa kubeba nyaya za taa. Nikawa nawarekebishia waigizaji maneno, na maneno yangu yakawa ndiyo yanayochekesha. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipopata kipindi changu, baba alikuwa amesahaulika. Nikamtungia mhusika, nikampigia simu mwenyewe. Katika skripti, mzee anafika kwenye lango la mwanawe, anasema: "Wewe ni damu yangu. Nilikukana mbele ya watu." Hayo tu ndiyo niliyotaka kuyasikia.

Tulirekodia kwenye nyumba ya kukodi, mtaa wa Lucky Summer. Enzi zao, wachekeshaji wa rika lake hawakujua skripti. Walielezwa kisa nyuma ya pazia, kila mtu akajitungia jukwaani. Kwa hivyo alipouruka mstari wangu, wote waliona ni mazoea.

"Kijana, hata chai hamnipi?" akasema pale langoni. "Ama mmedhani nimekuja kuposa?"

Watu wakavunjika mbavu. Dairekta akaniambia, "Boss, tuache hiyo. Ni tamu kuliko yenye uliandika."

"Mstari ni ule ule."

Tukarudia, akaleta utani wa mbwa. Tukarudia, akaleta wa magoti yake. Mwishowe akanivuta kando.

"Tuubadilishe kidogo, kijana. Mzee kama mimi hawezi kusema hivyo mbele ya watu."

"Ndiyo maana nikauandika."

Akanitazama usoni. Hapo nikajua amenijua tangu nilipompigia simu.

"Mamako yuko?"

"Tulimzika. Rudi langoni, mzee."

Akarudi, akausema bila kuongeza hata neno. Jamaa wa sauti alivua vifaa masikioni akajifuta macho. Dairekta akashangilia kwamba tumeipata.

Nikasema, "Tena."

Akausema tena.

"Sauti ipande. Walio nyuma hawakusikia."

Hapakuwa na watu nyuma, na yeye aliliona hilo. Lakini aliusema, akausema, hadi sauti ile ya nchi nzima ikakauka na dairekta akaanza kutazama viatu vyake.

Katika kipindi kilichofuata nilimuua mhusika wake. Hata mbele ya kamera hakuitwa. Mtu alipokea simu, akaambiwa mzee ameaga, akaendelea kula.

Baba alinipigia siku ile ile kilipoonyeshwa. "Nilikosea wapi? Si niliusema vile ulivyotaka?"

"Uliusema vizuri sana, mzee," nikamwambia. "Sina mstari mwingine wa kukuandikia."